Mtakatifu Yosefu Chini ya Taa ya Emil

Siku ya Jumatatu asubuhi Emil Hudak alikuwa amepiga magoti chini ya taa iliyo mbele ya nyumba yake, anachimba shimo la mche wa nne wa nyanya, kijembe kikagonga kitu. Hakikuwa jiwe. Mawe ya udongo ule anayajua kwa mlio, maana ameuchimba miaka arobaini na mitatu. Akaweka kijembe kando, akafukua kwa vidole. Zikatoka nyayo mbili ndogo, zimeelekea juu. Ikafuata kanzu. Zikafuata ndevu.

Alikuwa Mtakatifu Yosefu wa plastiki, urefu wake kama kidole cha kati, amezikwa kichwa chini miguu juu. Mkono mmoja ameshika ua, mwingine kipimo cha seremala. Uso ulikuwa kivulini, umejaa udongo. Emil akamgeuza upande wa jua, akamfuta kwa kidole gumba, kisha akakaa kwenye nyasi na suruali yake safi.

Watu wa Larkmoor, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, wote wanajua maana ya jambo hilo. Mtu akitaka nyumba yake iuzike upesi, anamzika Mtakatifu Yosefu mbele ya nyumba kichwa chini. Mzee wa watu akichoka kukaa vile, anatafuta mnunuzi mwenyewe, ili atolewe. Padre ukimuuliza anacheka tu, hasemi ndiyo wala hapana. Na kule mjini Pellham Falls, kwenye duka la zawadi lililo kati ya duka la jibini na duka la mishumaa, wanamuuza ndani ya kiboksi pamoja na karatasi ya maelekezo.

Sasa Emil hakuwa anauza nyumba. Kwa kadiri alivyojua.

Hapo kwenye "kwa kadiri alivyojua" ndipo palipomtia wasiwasi. Mwezi wa pili alikwenda Pellham Falls kununua kamba ya viatu. Mji ule wa wenye nazo ni mdogo, unaumaliza kwa miguu kabla kahawa yako haijapoa, lakini nyumba zake zote zimepakwa rangi zilezile za kistaarabu na vibao vya maduka vyote vina maandishi yaleyale ya dhahabu. Alipotoka dukani hakujua gari lake lilipo. Alizunguka saa mbili kwenye theluji. Mwishowe askari mmoja mpole akampakia amsaidie kutafuta, wakalikuta mbele ya duka lile lile alilotoka. Askari hakusema kitu. Ila binti yake Emil, Janine, alipata habari, kwa sababu kwenye vitongoji vile habari haihitaji simu, na tangu siku hiyo kila Jumatano anakuja na karatasi za rangi za nyumba za wazee, zilizo nyuma ya maporomoko ya mjini. Chumba, sebule ndogo, na kengele ya kuvuta ukianguka. Chumba kimoja kitakuwa wazi mwezi wa sita. Wanataka jibu kufikia Jumapili hii.

Emil hakutaka chumba chenye kengele. Alitaka kufa Larkmoor, tena si upesi. Lakini pale kwenye nyasi, na yule mtakatifu kwenye kiganja, swali lilimjia wazi kabisa: je, nimemzika mimi mwenyewe nikasahau?

Njia ya kujua ilikuwepo. Mwaka themanini na moja, walipokuwa wanauza nyumba yao ya kwanza kule Cleveland, mke wake Dolly alimzika Yosefu, na wiki ya tatu nyumba ikapata mtu. Emil ndiye aliyemfukua, akamgonga kwa sepetu, akamvunja pua. Dolly hakuzungumza naye hadi jioni. Yosefu yule asiye na pua walihama naye hapa, na Dolly akamtunza. Dolly mwenyewe sasa ana miaka mitatu kaburini. Basi, Emil aliwaza, wetu akiwa yupo, si mimi. Akiwa hayupo, nivute kengele.

Alishuka chumba cha chini ya nyumba. Akafungua maboksi ya Krismasi, akafungua boksi la viatu lenye picha, akakaa kidogo na picha, akasahau alichofuata, akakumbuka. Yosefu asiye na pua alikuwa ndani ya kopo la biskuti la Dolly, katikati ya vifungo.

"Upo!" Emil akamwambia kwa sauti. "Mungu akubariki, upo."

Akawapanga wote wawili kwenye dirisha la jiko, mwenye pua na asiye na pua, wanatazama nje. Dirisha hilo linatazamana na dirisha la jiko la Mena Tedesco, jirani wa kushoto, mjane naye. Kila asubuhi yeye na Mena wananyanyuliana vikombe vya kahawa kupitia vioo viwili, kila mmoja na jiko lake. Asubuhi ile Mena hakunyanyua. Alisimama tu, kikombe mkononi, anatazama dirisha la Emil, kisha akaondoka. Emil akadhani ni jua limempiga machoni.

Furaha ya kopo la biskuti ilidumu mpaka mchana. Halafu swali likarudi limevaa nguo nyingine. Kama si mimi, ni nani? Nani anataka nyumba yangu iuzwe?

Janine alikuja Jumatano na supu, na karatasi. Anafanya kazi kwa daktari wa meno, na ana namna ya kumtazama mtu kama anayemwambia afungue mdomo. Emil hakungoja avue koti. Akamweka mtakatifu juu ya meza.

"Baba, hiki nini?"

"Niambie wewe."

"Mdoli?"

"Mdoli! Askofu mwenyewe kakupa kipaimara, leo Mtakatifu Yosefu kawa mdoli."

Janine akamshika, akamtazama. "Aa. Yule wa kuuzia nyumba." Uso wake ukachangamka. "Umemnunua? Baba, umeamua?"

Kuchangamka kule kulimuuma Emil, lakini kulimfundisha pia. Mtu aliyezika hawezi kuchangamka hivyo.

"Nimemkuta kazikwa. Kwenye nyanya zangu."

"Kamzika nani?"

"Ndiyo ninachokuuliza."

Ilimchukua muda. "Unadhani mimi? Baba! Mimi nikitaka kuuza nyumba yako nitamwita dalali, sitamwita mtakatifu. Na nitakuja mchana kweupe, nikae kwenye kiti hiki hiki nikwambie, kama ninavyokwambia kila Jumatano. Na wewe utakataa, kama unavyokataa kila Jumatano."

Ilikuwa kweli tupu. Emil akamwaga supu kwenye sufuria kuipasha moto. Nyuma yake Janine alipozungumza tena, sauti ilikuwa ile ya kwa daktari.

"Baba, lakini haiwezekani kwamba wewe mwenyewe..."

"Wetu yule pale dirishani. Hana pua. Hajatoka."

"Najua. Ila kule mjini wanawauza."

Emil akakoroga supu isiyohitaji kukorogwa. Mwezi wa pili alikuwa mjini saa mbili nzima, na ukimuuliza alipita wapi katika saa hizo hawezi kukwambia. Huenda aliingia duka la zawadi. Kumbukumbu yake ilimpa theluji, vibao vya dhahabu, na miguu iliyolowa, ikaishia hapo.

"Jumapili, Baba," Janine alisema mlangoni, akambusu shavu. "Nitakupigia. Sikuharakishi, wao ndio wanaoniharakisha."

Ijumaa ilipofika Emil alikuwa hajui amshuku nani, na mtu asiyejua amshuku nani anawashuku wote. Larkmoor ni nyumba kumi na moja kwenye barabara inayoishia kwenye duara. Hazina uzio kati yake. Nyasi za huyu zinaingia kwenye nyasi za yule, na mpaka ni pale mashine ya huyu inapoishia na ya mwenzake inapoanzia. Baa hakuna. Kuna gereji. Majira ya joto, kila Ijumaa jioni mmoja anatoa gari nje, anapanga viti vya kukunja, na gereji ikiwa wazi huhitaji kualikwa. Wiki ile ilikuwa zamu ya Gus Petrakis, Mgiriki wa nyumba ya tano, aliyestaafu uuzaji wa mazulia lakini hakustaafu maneno.

Mena alikuja na pilipili hoho zilizojazwa nyama na wali, za moto. Bev Lindqvist, katibu wa chama cha wenye nyumba, alikuja na ile saladi yake ya jeli ya kijani ambayo mtu hajui aile kabla au baada. Emil alikuja na mfuko wa shati umetuna.

"Haya, fundi wa mabasi," Gus akamwita, maana Emil alitengeneza mabasi ya shule maisha yake yote. "Leo mikono mitupu?"

"Nimekuja na mgeni," Emil akasema, akamsimamisha Yosefu kati ya zeituni na jeli.

"Seremala! Karibu sana, bwana. Ngazi zangu za nyuma zimeoza."

"Nani kati yenu kamzika kwenye nyanya zangu?"

Friji ya bia ikanguruma. Bev akakohoa.

"Nyanya? Mimi sijasikia neno nyanya. Unamaanisha kwenye maua yako."

Wakacheka wote, kwa sababu sheria za chama zinasema mbele ya nyumba ni nyasi na maua, mboga nyuma. Lakini nyuma kwa Emil kuna mwaloni unaokula jua lote. Kwa hiyo kila mwaka, ikishapita Siku ya Akina Mama na baridi ikakata tamaa, anapanda miche sita katikati ya maua chini ya taa, na kila mwaka Bev anapita na mbwa wake, anamsifu kwa maua. Mwezi wa nane anapelekewa mfuko wa maua hayo, anayakata, anayala na chumvi.

"Kwenye maua yangu," Emil akasema. "Nani anataka niondoke?"

Kicheko kikafa.

"Wewe uondoke?" Gus akasema. "Mashine yangu ya nyasi nani ataitengeneza? Afadhali nikuzike wewe mwenyewe pale chini ya taa, usitoke kabisa."

"Gus!" Bev akamkaripia, akamchukua mtakatifu, akamgeuzageuza kama nyanya ya sokoni. "Mama mkwe wangu aliuza nyumba tatu kwa huyu. Ana masharti yake. Uso lazima utazame nyumba inayouzwa, la sivyo anauza ya jirani. Ulipomkuta alikuwa anatazama wapi?"

"Alikuwa kichwa chini."

"Kichwa chini najua, mpenzi. Upande gani?"

Emil akafungua mdomo. Akamwona Yosefu akitoka udongoni, nyayo, kanzu, ndevu. Upande, hakuuona.

"Sikumbuki," akasema.

Hapo wakatazamana. Ulikuwa mtazamo mfupi sana, wa upendo, na Emil angefurahi kupigwa kofi kuliko kuuona. Naam, hata hawa. Hata Gus.

Mena ndiye peke yake ambaye hakumtazama mtu. Tangu mtakatifu asimame mezani alikuwa hajafungua mdomo, yeye ambaye Ijumaa nyingine humkatiza Gus kila sentensi. Sasa akainuka, akashika goti lake bovu.

"Nimeacha jiko linawaka."

"Jiko linapika nini, Mena?" Gus akamuuliza. "Pilipili zako si hizi hapa?"

Lakini Mena alikuwa ameshafika kwenye nyasi, anachechemea kuelekea kwake, na mtandio wake ameuacha kwenye kiti.

Jumamosi asubuhi Emil aliwasha mashine ya kukata nyasi, kwa sababu mtu asiyejua la kufanya Larkmoor anakata nyasi. Alianza kwake, akaizunguka taa, akaendelea hatua mbili tatu kupita taa, mpaka pale alipokuwa akiishia zamani. Siku hizo Aldo, mume wa Mena, ndiye aliyekuwa akipokea kuanzia pale. Aldo alipofariki, Emil akaendelea tu mpaka mwisho wa nyasi za Mena, na hakuna aliyesema kitu, kama vile mashine yenyewe ndiyo iliyoamua.

Kwenye kugeuka, karibu na taa kwa upande wa nyumba yake mwenyewe, kisu kikagonga chuma. Alishawahi kukigonga miaka ya nyuma, akadhani ni bomba la zamani. Leo, kwa kuwa wiki nzima alikuwa anafukua, akazima mashine akafukua. Hakikuwa bomba. Kilikuwa chuma cha wapima ardhi cha kuonyesha mpaka, kina kutu, kimepigwa alama ya msalaba juu.

Emil akasimama nyuma ya chuma kile, akafumba jicho moja, akatafuta alama ya pili kwenye ukingo wa barabara. Ilikuwepo. Akapiga mstari kwa macho kutoka alama hadi alama. Akaupiga tena. Taa yake, aliyoichimbia shimo kwa mikono yake mwaka themanini na nane, ambayo Dolly aliipenda, ambayo chini yake amepanda nyanya miaka yote hiyo, ilikuwa hatua moja na nusu ndani ya ardhi ya Mena.

Alisimama pale muda, na mtu anayepita angemwona mzee anayetazama nyasi. Kisha kikaja kitu kingine, polepole, kama basi linalopanda mlima. Yosefu alipotoka udongoni uso wake ulikuwa kivulini. Emil ndiye aliyemgeuza kwenye jua ili amfute. Na asubuhi jua linatokea upande wa nyumba ya Emil. Basi kabla hajamgeuza, alikuwa anatazama upande wa pili. Emil akainua kichwa, akatazama upande wa pili.

Dirisha la jiko la Mena. Na Mena ndani yake, na kikombe.

"Futa viatu," Mena alisema alipomfungulia, kama anavyosema siku zote. Akammiminia kahawa bila kumuuliza. Walikaa. Emil alikuja na maneno, lakini yalimpotea njiani kati ya mlango na kiti.

"Taa yangu iko kwako," akasema.

"Najua."

"Aldo alijua?"

"Tangu siku ile ulipokuwa unachimba shimo. Nilimwambia, nenda kamwambie mtu wa watu. Akasema, 'Taa ya bure, Mena, umeme analipa yeye, nimwambie nini?'" Mena akacheka kidogo, kicheko kikamponyoka. "Kwa hiyo nilipomzika Yosefu nilimzika kwangu. Sikujua kama wewe wiki hiyo hiyo utapanda nyanya."

Emil aliitikia kwa kichwa, kama aliyeelewa. Hakuwa ameelewa. Tangu Jumatatu alikuwa anaogopa kuondolewa Larkmoor, na sasa alijua kwamba hakuna anayemwondoa, kwamba hajanunua mtakatifu kwenye theluji, kwamba kichwa chake bado kiko mahali pake. Alipaswa kufurahi. Akaitafuta furaha hiyo ndani yake kama alivyolitafuta gari.

"Unaondoka," akasema.

"Mwanangu Dino amejenga chumba, kwenye nyumba yake kule Carolina. Chini, hakuna ngazi. Goti hili, Emil, ngazi zile nazipanda kwa makalio siku hizi, hujui. Na watoto wake wananiita nona, yaani bibi, kwenye simu, hawaijui hata harufu yangu." Akazungusha kikombe. "Sijamwita dalali. Sijaweka kibao. Nilisema nimwachie Yosefu, aamue yeye. Na sikukwambia kwa sababu nilimwahidi Dolly. Pale hospitalini. Aliniambia, 'Mena, yule mtu ataweka soksi kwenye friji.' Nikamwambia nitamwangalia."

"Sijawahi kuweka soksi kwenye friji."

"Miwani uliweka."

"Miwani ni mara moja."

Nje, mbwa wa Bev alibweka.

"Halafu Jumatatu," Mena akasema, "nanyanyua macho, namwona kwenye dirisha lako. Kasimama, kaoga, ananitazama, tena kaja na mwenzake. Nikasema, basi. Amekataa. Ametoka mwenyewe udongoni kunikatalia."

"Hakutoka mwenyewe. Nilimtoa mimi, natafuta pa kupanda nyanya."

"Ni kitu kilekile."

"Si kitu kilekile, Mena."

"Basi niambie wewe." Akamtazama usoni, na macho yake hayakuwa ya mzaha hata kidogo. "Niambie nisiende, sitakwenda. Leo hii nampigia Dino. Usinizungushe, sema."

Neno lilikuwa pale pale, fupi, na lingemtoka bila shida. Emil aliliona goti la Mena chini ya meza, limevimba kama mkate. Aliona vikombe viwili kwenye vioo viwili, asubuhi zote zilizobaki. Hakujua kama ni haki kusema, wala kama ni haki kunyamaza, wala kama Dolly angekuwepo angempiga teke chini ya meza kwa lipi kati ya hayo mawili.

"Sijui," akasema. "Kweli sijui, Mena."

"Haya," Mena akasema, akainuka kwa kushika meza. "Chukua pilipili, zimebaki nne."

Jumapili simu ya Janine ililia kabla hajavua viatu vya kanisani.

"Baba, niwaambie nini?"

"Waambie wampe mtu mwingine."

Janine akavuta pumzi. "Na yule mtakatifu? Umejua kamzika nani?"

"Si wangu. Ni wa Mena. Anakwenda kwa Dino."

Emil akasikia Janine anavuta kiti, anakaa.

"Baba, sasa hiyo si ndiyo sababu ya... Mena ndiye niliyekuwa namtegemea. Nalala usingizi kwa ajili ya Mena. Sasa nani atakuangalia?"

"Sijui."

"Kwa hiyo unabaki, na hujui."

"Nabaki, na sijui. Lete supu Jumatano."

Akakata simu. Akasimama mbele ya dirisha la jiko na suti yake ya kanisani. Wale wawili walikuwa pale, mwenye pua na asiye na pua. Akiwaacha pale mpaka kesho, kesho kutwa, Mena angewatazama kila asubuhi, angeendelea kusema amekataa, angepanda ngazi zake kwa makalio, na kahawa ingekuwepo. Hakuna mtu angemlaumu. Hakuna mtu angejua, isipokuwa huyo asiye na pua, ambaye ana sababu ya kumchukia tangu zamani.

Alifikiri sana, na kila alipofika mwisho wa fikra alijikuta mwanzo. Mwishowe akamchukua mwenye pua, akamtia mfukoni, akachukua kijembe.

Chini ya taa shimo lilikuwa bado wazi, na mche wa nne umelala kando kwenye kopo lake, umenyong'onyea wiki nzima. Emil akapiga magoti na suti. Akamtia Yosefu kichwa chini, akamnyoosha, akaanza kurudisha udongo kwa kiganja, kidogo kidogo, ukafika kwenye kanzu.

Ngo, ngo, ngo.

Akageuka. Mena alikuwa dirishani, anagonga kioo kwa pete yake. Alikuwa anazungusha kidole hewani, mara moja, mara mbili, kama mtu anayekoroga sukari. Emil hakumwelewa. Akainua mabega. Mena akaelekeza kidole kwenye shimo, halafu akakielekeza kwenye nyumba ya Emil, akatikisa kichwa, halafu akajielekezea kifuani.

Emil akatazama chini. Alikuwa amemzika anatazama nyumba ya Emil.

Akaufukua udongo. Akamshika mtakatifu kwa nyayo, akamgeuza taratibu, akatazama dirishani. Kidole cha Mena kikasema bado kidogo. Akamgeuza kidogo tena. Kidole kikasimama. Kikakaa vile hewani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha mkono ukashuka, ukachukua kikombe, ukakinyanyua.

Emil hakuwa na kikombe. Akanyanyua kijembe.

Kisha akafukia, akashindilia udongo kwa kiganja, na ule mche wa nne akaupanda pembeni kidogo, kama shibiri moja hivi, ili mizizi isimsumbue.